Rekodi ya Thelathini na Mbili

Rekodi za sauti za marehemu mumewe zilikuwa thelathini na moja, na Mwalimu hakuwa mtu wa kukosea hesabu. Alikuwa amefundisha hisabati karibu maisha yake yote kabla ya kustaafu. Asubuhi ile alipowasha kompyuta yake ya mezani, alikuta thelathini na mbili.

Mumewe alizirekodi katika miezi yake ya mwisho, mikono ilipokataa kushika kalamu: soga, maagizo kuhusu maua ya uani, na ugomvi mdogo mdogo aliotaka kuushinda hata akiwa kaburini. Mwalimu akaifungua ile mpya. Ikatoka sauti ya mumewe, laini kama ya mtu anayeomba kura.

"Mke wangu, niruhusu niingie. Sema ndiyo tu."

"Mume wangu hakuwahi kuomba ruhusa ya kitu chochote tangu nimjue," alikiambia kioo cha kompyuta, kisha akampigia fundi.

Fundi huyo alijiita Daktari. Alifika saa nne, miwani ya jua utosini, na usoni lile tabasamu la watu wanaojua jambo moja wakadhani wamejua yote. Alimsikiliza Mwalimu huku akichezea simu yake, halafu akacheka.

"Mama, jini gani ataacha mapango aje kukaa kwenye plastiki? Hiki ni kirusi. Nyie wazee mnabonyeza kila kinachowaka, kisha mnasingizia majini."

"Jini umelitaja wewe," Mwalimu alisema. "Mimi nimekwambia kuna rekodi imezidi."

Daktari akaanza kukagua virusi. Programu ikapitia mafaili yote, ikakamata moja tu lililoambukizwa: ile rekodi ya thelathini na mbili. Akalifuta kwa mbwembwe, kidole kikitua kutoka juu.

"Kwisha habari yake."

Hapo ndipo chumba kilipoanza kunuka nywele zinazoungua. Programu ikalia tena: ya thelathini na moja nayo imeambukizwa. Akaifuta. Ikaambukizwa ya thelathini. Kila alipofuta moja, iliyofuata ilijifungua yenyewe, na sauti ya marehemu iliyokuwa ikizungumzia maua ilikatika katikati ya neno, ikarudi ikiwa laini na yenye kubembeleza, sema ndiyo, sema ndiyo mke wangu, na Daktari akawa anafuta bila kusoma anachofuta, jasho likimchuruzika shingoni, mpaka akaushika waya wa umeme akauchomoa ukutani kwa nguvu, na kioo kikaendelea kuwaka, na feni iliyomo ndani ya kompyuta ikavuta pumzi, ikatulia, ikaitoa taratibu kama mtu aliyelala chumba cha pili.

"Mama," alinong'ona, "tutoke humu."

"Si ni kirusi?"

Daktari mzima alikuwa ameshafika mlangoni, mgongo ukutani, kitasa mkononi.

Mwalimu akaketi kwenye kiti alichokiacha fundi. Ilikuwa imebaki rekodi moja, ya kwanza kabisa, ile ambayo mumewe anamtania kuhusu siku ya harusi yao kisha anacheka mpaka anapaliwa. Hakuwa na nakala nyingine.

"Ukiifuta hii," sauti ikasema, "hutanisikia tena. Sema ndiyo."

Mwalimu alikikazia kioo macho. "Una nguvu zote hizo, na kazi uliyoona inakufaa ni kuiga mgonjwa! Huna hata sauti yako mwenyewe. Nimefundisha watoto waliozoea kuibia majibu, na wote walikuwa na haya kuliko wewe."

Akabonyeza futa.

Feni ikasimama. Kioo kikawa cheusi, na harufu ikatoweka. Mwalimu akainamisha kichwa juu ya meza akakililia kile kicheko kilichopotea. Fundi aliondoka bila hata kuaga.

Siku tatu baadaye, mchana, Daktari alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Mama, nisamehe. Siku ile nilizinakili rekodi zako kabla ya kuzikagua. Nilitaka nikawachekeshe wenzangu."

"Mjinga wewe. Na sasa?"

"Mzee hasikiki tena humo. Anayeongea ni mama yangu. Alikuwa analia, anataka nimruhusu aingie."

"Mama yako yu hai?"

"Hai kabisa. Tunaishi naye."

"Basi zifute. Usimjibu neno, futa tu."

"Nilishasema ndiyo," akanong'ona. "Jana. Alilia sana, mama."

Nyuma yake, kwenye simu, Mwalimu akasikia mwanamke akiita kutoka jikoni: "Mwanangu, njoo ule." Papo hapo, kutoka upande mwingine wa nyumba, sauti ile ile ikaita: "Mwanangu, njoo ule."

"Mama," Daktari akauliza, "niitikie ipi?"