Jiwe Jeupe la Mlima Nyamabale

Watu wa Nyamabale hutembea wakitazama chini. Si kwa haya wala kwa huzuni. Mvua ikinyesha huosha udongo, na mwenye bahati anaweza kuokota chembe ya dhahabu njiani akienda kununua chumvi. Violeth, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kila asubuhi alichota maji, akafagia uwanja, akanywa uji, kisha akashika njia ya shule macho yakiwa ardhini. Jiwe likimvutia alililamba kidogo, maana jiwe likiloa ndipo huonyesha kama lina kitu. Mama yake alikuwa amechoka kukuta mawe kwenye mifuko ya sketi kila alipofua.

"Tajiri wangu," alimtania, "mbona sabuni bado nanunua mimi?"

Mwaka huo Violeth alikuwa na jambo kubwa zaidi ya mawe. Kila mwaka wanafunzi wa darasa la sita hupanda Mlima Nyamabale. Si mlima mrefu sana, lakini umesimama wima, hauna mti wa kushika, na mawe yake mengi yamelegea. Ukifika kileleni asubuhi isiyo na ukungu, unaliona Ziwa Victoria. Violeth hakuwahi kuliona ziwa hata kwa mbali. Darasa la saba hawapandi kwa sababu ya mtihani, kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi tena.

Mwalimu Swaleh, aliyesimamia safari hiyo, hakuwa mtu wa kubahatisha. Alimwomba Baba Aneth awafundishe watoto kwa wiki mbili. Baba Aneth alikuwa mkaguzi kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Kila asubuhi, kabla mchimbaji yeyote hajashuka, yeye hutangulia kugonga kuta kwa nyundo na kusikiliza. Jiwe lililoshikamana hulia kwa ukali. Lililolegea hulia bo, kama debe tupu.

Aliwafundisha watoto kugonga kabla ya kushika. Aliwafundisha kuhamisha mkono mmoja au mguu mmoja tu kwa wakati, kutopanda chini ya mwenzako moja kwa moja, na kupiga kelele ya "Jiwe!" kitu chochote kikiporomoka. Kandambili alizikataa kabisa. Doto, aliyekaa dawati moja na Violeth, aliazima viatu vya kaka yake, vikawa vikubwa, akajaza makaratasi kwenye ncha. Kila jioni alivifanyia mazoezi barabarani, na wenzake wakamwita askari jeshi.

"Sheria kubwa ni hii," Baba Aneth aliwaambia. "Hakuna kung'oa jiwe. Atakayeng'oa, safari hana."

Jumamosi ya kwanza walipanda hadi nusu ya mlima kujipima. Walipopumzika kwenye mteremko, Violeth alijitenga kidogo juu ya wenzake. Pale, mbele ya pua yake, aliliona jiwe jeupe lenye mstari wa kutu katikati. Kila mtoto wa Nyamabale anajua kwamba dhahabu hupenda kulala mahali kama hapo. Violeth aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akalichomoa.

Kumbe jiwe lile dogo lilikuwa limebeba kubwa lenzake, lenye ukubwa wa ndoo. Likatikisika, likaporomoka. Ni Mwalimu Swaleh aliyeliona akapaza sauti, na watoto wakaruka pembeni kama walivyofundishwa. Jiwe likapita katikati yao, likapasua dumu la maji, likaendelea hadi bondeni. Doto alikuwa amekaa hatua mbili tu kutoka kwenye dumu hilo.

Baba Aneth alipanda akalichunguza tundu lililobaki. Kisha akauliza kwa upole nani amegusa pale. Akauliza tena. Violeth alikiona kiatu chake mwenyewe, akaendelea kukitazama. Mkononi, ndani ya mfuko, alilifumbata lile jiwe jeupe.

"Basi limeondoka lenyewe," alisema Baba Aneth. "Hakuna mvua, hakuna upepo, na jiwe limeondoka. Maana yake mlima unatembea. Siwezi kupeleka watoto wa watu kwenye mlima unaotembea."

Hivyo safari ikafutwa. Walishuka bila wimbo. Nyumbani, Violeth alijificha nyuma ya jiko akalilamba jiwe lake. Halikuwa na chochote. Hata lingekuwa na dhahabu, nadhani siku hiyo lingemchukiza tu.

Alijipigia hesabu. Akisema ukweli, wenzake wangepanda na yeye angebaki, kwa sababu sheria aliisikia kwa masikio yake. Akinyamaza, wangebaki wote, na hakuna ambaye angejua. Jumapili nzima alijaribu kujishawishi kwamba kubaki wote ni haki zaidi. Alikaribia kuamini.

Jumatatu Doto alikuja shule na kandambili. Viatu alikwisha kuvirudisha, akasema, vya nini tena? Alisema huku akicheka, lakini alikuwa bado ameyashika mkononi yale makaratasi ya kujazia, hajui ayatupe wapi. Violeth hakusikia somo hata moja siku hiyo.

Kengele ya kutokea ilipolia alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Baba Aneth, akamkuta akipiga msasa mpini wa nyundo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayo," aliitikia, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Kuna nini?"

Violeth alilitoa jiwe, akaliweka juu ya kigoda. "Mlima hautembei," alisema. "Ni mimi." Machozi yakamtoka, na ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi.

Baba Aneth hakumkaripia. Alilizungusha jiwe mkononi, akasema, "Wabeja, mayo," yaani alimshukuru kwa Kisukuma, kisha akamwita Mwalimu Swaleh kwa simu. Kesho yake watatu hao walipanda hadi kwenye lile tundu. Baba Aneth alilirudisha jiwe, nalo likaingia sawasawa kama jino kwenye fizi. Akagonga mwamba wa pande zote, na kila mahali ukalia kwa ukali. Mlima ulikuwa mzima. Safari ikarudi.

Ila sheria ni sheria, Mwalimu Swaleh alisema, na Violeth aliitikia bila kubisha. Baba Aneth alikuna kichwa. Alisema anahitaji mtu wa kumsaidia kuondoa mawe yaliyolegea njiani, kila jioni hadi Ijumaa, na kwamba huyo mtu akifanya kazi vizuri, yeye mwenyewe atamwombea kwa mwalimu. Violeth alifanya kazi hadi viganja vikaota malengelenge. Aligonga, akasikiliza, akaonyesha palipolia bo. Ijumaa, Mwalimu Swaleh alimkuta amefunikwa na vumbi kuanzia kichwani, akacheka, akamwambia aende nyumbani akaoge, kesho kuna mlima. Mama yake, kwa usalama zaidi, akaishona mifuko yote ya sketi.

Jumamosi walipanda taratibu, wakibeba maji, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Viatu vya kaka yake Doto vilikuwa vimeazimwa upya. Karibu na kilele kelele ya "Jiwe!" ilisikika, wote wakajibanza, na jiwe la ukubwa wa ngumi likapita bila kumgusa mtu. Baba Aneth aligeuka. Kabla hajafungua mdomo, Doto alinyoosha mkono.

"Ni mimi, baba. Kiatu kimeteleza."

"Vizuri. Kaza kamba, tuendelee."

Kileleni, mbali kule kaskazini, ziwa lilikuwa linang'aa. Violeth alilitazama kwa furaha hadi akasahau kula. Baba Aneth alisubiri watoto wakae, kisha akasema:

"Jiwe la leo limeporomoka kama la siku ile. Siku ile tulirudi nyumbani, leo tumefika juu. Tofauti ni moja. Mwamba hausemi nani ameugusa. Anayejua ni aliyeugusa, na akinyamaza, sisi wengine wote tunakuwa vipofu. Kukosea kila mtu atakosea, hata mimi. Lakini mtu akisema, 'Ni mimi,' naweza kumkabidhi maisha yangu kwenye mteremko wowote."

Kisha akamwambia Violeth kwamba wakati wa kushuka yeye ndiye atakayetangulia kugonga mawe, na akampa nyundo.