Mbwana Bado Anacheza

Kibodi ya kompyuta ya marehemu ilianza kunuka karafuu maiti, ile wanayopakwa wafu, siku ya pili baada ya arobaini. Zubeda aliifuta kwa spiriti, akaifuta kwa limau, wapi! Harufu ilizidi.

Marehemu ni Mbwana, mdogo wake, aliyekufa kwa pumu peke yake kwenye chumba alichopanga Chanika. Siku hiyo alimpigia dada yake mara tatu. Dada mtu alikuwa kwenye kitchen party, simu imo ndani ya pochi, anakata mauno. Mnaotaka kumlaumu, nyamazeni. Amejilaumu vya kutosha.

Kompyuta ililetwa Mwananyamala kwa mama yao, Bi Somoe. Ilikuwa ya Linux, si Windows kama za wengi, maana Mbwana hakupenda programu za kuchungulia mambo yake. Zubeda aliiwasha atafute picha tu. Gemu ya vita waliyozoea kucheza wawili mtandaoni, yeye kwenye laptop yake, ikafunguka yenyewe. Vitufe vikaanza kubonyea, tak, tak, tak, na kiti kitupu kikatoa mlio wa kukaliwa. Kwenye laptop ya Zubeda likatokea jina la Mbwana, likawa linamfuata kila aendako, linamkinga risasi kama zamani.

"Mama, Mbwana yupo," alinong'ona.

"Koma! Hilo jini limevaa jina la mwanangu," Bi Somoe alijibu kwa sauti ya chini. "Namwita shehe alisomee."

"Nakuomba, mama. Nina neno moja tu la kumuuliza."

Kila alasiri alimwandikia neno lile lile: Mbwana, umeniwia radhi? Jina lilicheza tu. Hadi Alhamisi moja likaandika: Kesho nitakujibu, dada.

Kesho yake gemu haikufunguka. Wenye gemu walikuwa wameweka mlinzi wa kuwakamata wanaocheza kwa hila, programu inayokagua kompyuta hadi ndani kabisa, na mashine za Linux zikapigwa marufuku. Zubeda akamwita Marselino, fundi kompyuta wa Manzese aliyekuwa akimtengenezea Mbwana.

"Sista, Windows nakuwekea," Marselino alisema, ameziba pua. "Ila huyu mlinzi anaona kila kitu humu. Braza alikuwaga hamtaki kabisa. Alisema askari wa getini hapewi ufunguo wa chumbani."

"Weka."

Fundi alipoondoka, Zubeda akabonyeza Nakubali. Mlinzi akaanza kukagua, na harufu ikapanda hadi machozi yakamtoka, kiti kikatetemeka, kikarudi nyuma kikagonga ukuta, na pale pasipo na mtu ikasikika pumzi ya mgonjwa wa pumu, inavutwa kwa shida, inakwaruza, inavutwa tena, huku vitufe vikibonyea mbio mbio kama mtu anayewahi kumaliza kuandika kabla mlango haujavunjwa, na Zubeda, asithubutu kugeuka, akaikodolea macho laptop yake.

"Andika, mdogo wangu," alinong'ona. "Andika, mie nasoma."

Pumzi ikakatika. Harufu ikaisha pale pale. Kwenye laptop pakaandikwa: Mchezaji huyu ameondolewa daima. Sababu: kwenye kiti chake hakuna mtu. Chini yake: Ujumbe wake mmoja umefutwa.

Akawaandikia wenye gemu, akawalilia. Jioni wakajibu: mwenye akaunti atume picha yake ya leo.

Bi Somoe akaingia, uso umemkunjuka. "Alhamdulillahi, nyumba imekuwa nyepesi! Shehe gani huyo uliyemwita, mwanangu, nikamshukuru?"

"Hakuna shehe, mama," Zubeda alisema. "Ni mie. Mie ndiye niliyemtoa."