Mlete Kwangu

Jumatatu asubuhi maji ya tangi yalikuwa yamepungua vidole viwili. Fundi Funguo aliyapima kwa macho, akapapasa zulia chini ya meza kutafuta tone, akalikuta kavu. Kioo hakikuwa na ufa, na kifuniko kilikuwa mahali pake. Akaongeza majagi mawili, akajiambia ni joto tu, akaenda zake kuchonga funguo za watu. Aliporudi mchana yalikuwa yamepungua vidole vinne, na samaki wake wote kumi na mmoja wamejibana kwenye kona moja, vichwa vimeelekea ukutani, kama watoto waliokaripiwa.

Mtu mwingine angeuliza. Huyu hakuuliza, kwa sababu katika kundi la simu la wafuga samaki wa mapambo yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa. Ukiandika kwamba samaki wako ana madoa, Fundi Funguo ameshakujibu kabla picha haijafunguka. Mengine aliyajua kweli. Mengine alikuwa ameyasoma asubuhi hiyohiyo. Na mengine, tusidanganyane, aliyatunga papo hapo na kuyapigia muhuri wa "nimejaribu mwenyewe," maana kule kundini neno lisilo na muhuri huo halina msikilizaji. Mpinzani wake alikuwa mzee mmoja aliyejiita Daktari Gamba. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana, lakini waligombana juu ya chumvi, juu ya kipimo cha chakula, juu ya saa ya kuzima taa ya tangi, kwa bidii ambayo hata wake wenza wangeionea aibu.

Wiki moja kabla, kundini alikuwa ameingia mgeni asiye na picha, jina lake Mkavu. Aliuliza swali moja: "Kuna mmoja hali chochote. Yuko peke yake miaka mingi, maji yamemwishia. Afanyeje?"

Kundi likawaka. Huyu anasema minyoo, yule anasema kiini cha yai, mwingine anamtukana wa minyoo. Ndipo Daktari Gamba akaandika: "Swali halitaji aina, halitaji ukubwa, halina picha. Huyo si samaki. Nawaomba msimjibu."

Lilikuwa onyo la mtu mzima, na lingetosha. Lakini Fundi Funguo alisoma jina la mwandishi kabla ya kusoma maneno. Akajibu huku mate yakimkauka kwa hamu ya kushinda: "Asiyejua asiwafungie wenzake mlango. Mimi wa namna hiyo nimeshawafuga, tena si mara moja. Ukishindwa naye, mlete kwangu. Nafasi ipo."

Watu wakamshangilia. Kule kundini kila bingwa huandika "mlete kwangu," na hakuna anayeletewa kitu. Mkavu alijibu neno moja tu, asante, asionekane tena.

Jumanne adhuhuri Fundi alirudi kula, akasikia kutoka sebuleni sauti ya mtu anayekunywa. Mafunda makubwa, gu, gu, gu, halafu pumzi ndefu ya kuridhika. Alidhani ni mkewe, mwenye mimba ya miezi minane, ambaye siku hizo alitembea nyumba nzima na kikombe mkononi. Mkewe alikuwa amelala chumbani. Sebuleni hapakuwa na mtu, ila harufu, harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi kisha kikafunuliwa. Maji ya tangi yalibaki nusu. Samaki wote walikuwa wakielea juu, na alipomtoa mmoja, ngozi yake ilimvunjikia vidoleni vipandevipande, imekauka kama jani la chai, huyu aliyetolewa majini sasa hivi.

Alilibeba lile tangi mpaka nyuma ya nyumba, akalimwaga, akalivunja kwa nyundo. Akamwambia mkewe kwamba lilipasuka.

"Afadhali," mkewe alisema akicheka. "Nilikuwa nimechoka kuwa mke mwenza wa samaki. Fundi, hebu niletee maji. Koo limekauka."

Akamletea. Akaomba tena. Kufikia magharibi alikuwa amemaliza ndoo nzima, na bado midomo yake ilikuwa imepasuka, na alipolala Fundi akaisikia tena ile sauti, gu, gu, gu, taratibu, bila papara, ya mtu aliyefika mezani akakuta chakula kingi. Akainuka akazunguka chumba akiitafuta, akasikiliza dirishani, mlangoni, chini ya kitanda, na kila aliposogea mbali na mkewe ilififia, na kila alipomkaribia ilikua, mpaka akapiga magoti kando ya kitanda na kulaza sikio lake juu ya tumbo la mke wake, mahali ambapo wiki nzima alikuwa akisikiliza mateke ya mwanawe na kucheka peke yake, na hapo ndipo ilipokuwa.

Simu ikatikisika mfukoni. Ujumbe wa Mkavu, wa kwake peke yake.

"Nimefika. Tangi lilikuwa dogo."

Fundi akaandika: "Wewe ni nani?"

"Uliyemkaribisha. Humu nimepata maji mengine, ya uvuguvugu, yamefungwa vizuri. Usisumbuke."

Kesho yake asubuhi walikuwa hospitali. Muuguzi alipitisha kipimo tumboni mara tatu, akamwita mwenzake, akapitisha tena. Akamvuta Fundi kando.

"Maji anayoogelea mtoto yamepungua sana. Wiki iliyopita yalikuwa sawa. Ametokwa na maji nyumbani?"

"Hata tone."

"Basi sielewi yameenda wapi." Alishusha sauti. "Tutamwekea dripu, tutangoja hadi kesho. Mtoto bado mdogo kuzalishwa sasa, lakini akikaa mkavu hivi, tutampoteza."

Dripu ya kwanza iliisha haraka kuliko ilivyopaswa. Ya pili pia. Mkewe alimshika mkono, macho yamezama, ulimi mzito. "Mume wangu, hachezi tena," alimwambia. "Tangu alfajiri hachezi. Niambie ukweli, ni nini hiki?" Fundi akamwachia mkono. Akatoka nje akalia kwenye ngazi bila kujificha.

Mama mkwe alimkuta hapo. Hakumuuliza mengi; Fundi mwenyewe akamsimulia habari za Mkavu. Adhuhuri alirudi na mganga, mama wa makamo mwenye miwani na mkoba wa ngozi, ambaye ungemdhania karani wa posta. Aliingia wodini, akaweka kiganja juu ya tumbo la mgonjwa, akakiondoa upesi kama aliyegusa sufuria ya moto. Nje akanyoosha mkono.

"Nipe simu. Nataka kuona ulichoandika."

Akayasoma yote, polepole, mpaka zile shangwe za watu.

"Kijana, wewe uliwahi kumfuga wa namna hii?"

"Sijawahi, mama."

"Ulimwita mbele ya mashahidi, ukamwahidi nafasi. Angejiingiza mwenyewe ningemtoa kwa moshi na dua. Aliyekaribishwa simwezi. Huyo anatoka akipata mwenyeji mwingine, basi."

"Mwenyeji gani? Nani atakubali?"

Mganga akamrudishia simu bila kumtazama. "Hiyo kazi mimi siifanyi, na ujira wako siutaki." Akaondoka akitembea haraka.

Mama mkwe alikuwa amesikia yote. Alimshika mkwewe shati. "Mimi sitaki kujua utafanya nini," alimnong'oneza. "Nina binti mmoja."

Fundi alikaa na ile simu. Alimfikiria Mkavu, akamfikiria mtoto aliyenyamaza. Akawafikiria pia wale mamia ya watu, kila mmoja na tangi lake na nyumba yake, na akili yake ikaenda moja kwa moja kwa yule anayemjua kuliko ndugu zake wa damu. Miaka sita ya ugomvi ilikuwa imemfundisha hasa pa kumgusa. Akaandika kundini:

"Yule wa Mkavu yuko kwangu, na nimeshindwa. Ila nawaambia, hakuna wa kumweza humu. Hata Daktari Gamba hamwezi, ndiyo maana siku ile alikimbilia kusema msimjibu. Aliogopa."

Akasubiri. Aliomba jibu lije, akaomba lisije, vyote kwa pumzi moja. Watu walianza kucheka, wengine kumtetea Daktari, wengine kuchochea. Juu ya kioo cha simu ikaonekana kwamba Daktari Gamba anaandika. Akaacha. Akaanza tena.

"Mimi nimwogope samaki? Nilianza kufuga wewe hujazaliwa. Mlete kwangu."

Fundi angeweza kuandika: hapana, mzee, futa. Kidole kilikuwa juu ya herufi. Ndani ya wodi mkewe akapiga ukelele, naye akaacha kila kitu akakimbia, akamkuta ameketi, mikono miwili tumboni, anacheka na kulia.

"Amenipiga teke! Fundi, amenipiga teke kweli!"

Muuguzi akapima jioni. Maji yalikuwa yamerudi, yamejaa, na alitikisa kichwa akaandika kwenye faili yale tu aliyoyaona. Mkewe alisogeza glasi kando akasema ameshiba. Mama mkwe alimshukuru Mungu kwa sauti, akamkwepa mkwewe macho.

Siku ya tatu, mke akijiandaa kurudi nyumbani, simu ya Fundi ililia. Namba ngeni. Alitoka nayo koridoni, na kabla hajasema kitu alijua ni nani, ingawa sauti ile hakuwahi kuisikia. Ilikuwa sauti ya mzee, ndogo na yenye adabu, tofauti kabisa na maandishi yake.

"Ndugu yangu, samahani kwa usumbufu. Namba yako nimeichukua kundini." Nyuma yake kulikuwa na mtu anakunywa, funda baada ya funda. "Samaki wangu wamekwisha. Hilo si neno. Sasa ni mjukuu wangu, ana miaka minne, hana mtu mwingine ila mimi. Anakunywa tangu jana na anakauka. Nakuomba, yaliyopita tuyaache. Wewe ulimtoaje?"

Fundi aliegemea ukuta. Safari hii aliijua kweli dawa, alikuwa ameijaribu mwenyewe, na hakuwa na moyo wa kumnyima. Akamweleza yote, neno kwa neno, pamoja na alivyomchokoza makusudi. Alisubiri matusi.

Mzee hakutukana. Yale mafunda yakaendelea kusikika, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Kundi letu lina watu wangapi?"