Nabalayo Aliyezirai Mstarini

Kila asubuhi kengele ilipolia, wanafunzi walikimbilia uwanjani wakapanga mistari. Mwalimu Ogola alipita taratibu akikagua kucha na kola, na hakuna aliyeruhusiwa hata kujikuna. Nabalayo alisimama mwisho wa mstari wa Darasa la Tano. Hakuna aliyependa kusimama karibu naye.

Tangu muhula uanze alikuwa amezirai mara kadhaa, na wenzake walisema ana kifafa. Walimhama dawatini. Walimkataza kunywa kwa kikombe cha bati kilichofungwa mnyororo kwenye tangi la maji. "Utatuambukiza," walimwambia. Basi Nabalayo aliacha kwenda tangini. Alishinda na kiu mpaka jioni, na nyumbani hakusema neno.

Asubuhi moja ya mwaka 1957, upepo ulileta vumbi jeupe la magadi kutoka ziwani, na ukaguzi ukarefuka. Masikio ya Nabalayo yakaanza kuvuma. Jasho baridi likamtoka, kisha giza likamfunika.

"Gunia la viazi vya Molo limeanguka!" mvulana mmoja akapaza sauti, na wengine wakaangua kicheko.

Wavulana wawili wakubwa waliamriwa kumwinua. Walimshika makwapani, wakamsimamisha wima. Hapo mikono yake ikaanza kurukaruka.

"Mnaona?" Akeyo, mwanafunzi mwenzake darasani, akasema akirudi nyuma. "Si niliwaambia ni kifafa?"

Jioni habari zilifika kwenye landhi za reli, nyumba za wafanyakazi walikoishi, kabla ya Nabalayo mwenyewe. Baba yake, Makokha, hakugusa chai yake.

"Akianguka tena," alisema, "atapanda gari la moshi akakae kwa nyanya yake Kimilili. Shule basi."

"Baba Nabalayo, kwanza tumpeleke kwa daktari," mama yake, Nanyama, akasema.

"Daktari atafanya nini na kifafa?"

"Nani amekwambia ni kifafa? Watoto wa shule?"

Nabalayo, aliyekuwa akiosha sufuria mlangoni, alisikia yote. Aliipenda shule, ijapokuwa shule haikumpenda.

Kesho yake mama alimpeleka kwa Daktari Gurbachan, mzee wa Kihindi mwenye kilemba na sauti ya upole. Daktari alimlaza kitandani, akamfunga mkanda mkononi na kuujaza hewa kwa mpira ili apime msukumo wa damu. Kisha akamwambia asimame, akapima tena huku mkono wake mwingine ukiwa tayari kumdaka. Zebaki ndani ya kipimo ilishuka sana. Macho ya Nabalayo yakaingia giza, na mara daktari akamlaza na kuinua miguu yake. Giza likaondoka.

"Mama, akianguka shuleni wanamfanya nini?"

"Wanamwinua wanamsimamisha, Daktari, kisha mikono yake inarukaruka."

"Ndiyo maana anatetemeka. Damu haifiki kichwani, nao wanazidi kuizuia. Hiki si kifafa, na hata kingekuwa kifafa, hakiambukizi." Akamgeukia Nabalayo. "Kuna mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila sisi kuiamuru. Ukisimama, damu hushuka miguuni, nayo mishipa hiyo huirudisha juu. Yako inachelewa. Unakunywa maji ya kutosha?"

"Ndiyo," Nabalayo akajibu, macho chini.

"Mbona ulimi wako umekauka hivi?"

Nabalayo alimtazama mama yake, akaogopa. Kisha akakumbuka gari la moshi la kumpeleka kwa nyanya yake. Akasema yote: dawati, tangi, kikombe, kiu ya kutwa nzima.

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia?" mama akauliza.

"Niliogopa utakuja kugombana nao, halafu wanichukie zaidi."

Daktari alimwagiza anywe maji mara kwa mara na uji wenye chumvi kidogo, akunjekunje miguu akisimama, na akiona giza linakuja aketi upesi. Mama alikwenda shuleni siku hiyohiyo, akamweleza Mwalimu Ogola, naye akalieleza darasa. Makokha naye alikubali kungoja aone.

Jumatatu, ukaguzi ukiendelea, masikio yakaanza kuvuma tena. Nabalayo aliona haya. Shule nzima ingemtazama. Hata hivyo akaketi mavumbini na kuinamisha kichwa.

"Giza limepita?" Akeyo akanong'ona.

"Bado kidogo."

"Basi tulia. Mimi nitakuwa nikikuangalia."

Punde Nabalayo akasimama mwenyewe, bila kuinuliwa na mtu. Mwalimu Ogola alikuja mbele ya mstari.

"Watoto," alisema, "tuliupa ugonjwa jina kabla haujapimwa, na mimi nilikuwa mmoja wenu. Tulimwacha mwenzetu peke yake na kiu, tukamzidishia maradhi. Mgonjwa hatengwi, hupelekwa kwa daktari. Nawe Nabalayo, usifiche tena kinachokuumiza. Daktari aliweza kukusaidia kwa sababu ulimwambia kweli."

"Ndiyo, Mwalimu," Nabalayo akajibu, kwa sauti iliyosikika mpaka mstari wa mwisho.