Karatasi Niliyoisoma Mbele ya Wakwe wa Deo

Nina miaka arobaini na tisa. Shule niliachia darasa la nne, lakini msinidharau! Nilifika Louisville, Marekani, kutoka kambi ya wakimbizi na begi moja, nikafunga maboksi kwenye depo za watu, yale maghala ya kusafirisha mizigo, mwisho nikafungua depo yangu mwenyewe. Wakongo wote wa hapa waliniita Patron, yaani bosi. Nani mwingine alifika pale? Hakuna!

Kusoma tu ndiko kulinishinda… Siri hiyo waliijua wawili: mke wangu, na Deo wa Columbus. Kambini tulilala hema moja miaka mingi, barua zangu alinisomea yeye. Binti yake Neema, mimi ndiye baba yake wa ubatizo.

Bon, siku moja Deo akaleta maboksi ya kwenda China. Vipuri vya kamera, alisema.

"Patron, mukubwa kama weye anasoma makaratasi? Sinya tu!"

Mke wangu akanivuta pembeni. "Papa Furaha, wacha mutoto wetu Furaha atusomee kwanza."

Nikamfokea. Mtoto anisomee mimi? Nikatia sahihi.

Maafisa wa serikali walikuja mchana, wateja wamejaa. Walipofungua maboksi ya Deo… darubini za bunduki! Vifaa vya silaha vinakwenda China bila kibali, na jina ni langu peke yangu! Deo akaapa yeye ni dereva tu, akatoa ushahidi dhidi yangu, akaachiliwa. Mimi nikafungwa. Depo ikaenda. Mke wangu akarudi kufunga maboksi ya watu…

Gerezani nilijifunza kusoma. Kwa kupenda vitabu? Kwa hasira! Karatasi ya kwanza niliyoimaliza ilitoka kwenye faili la kesi: ujumbe wa Deo kwa mnunuzi wake, ambao wakati wa kesi hakuna aliyenisomea. "Tutaweka jina la mwenye depo. Hajui kusoma."

Nilipotoka nikasikia Deo amehamia Kenmore, karibu na Buffalo, na anapokea mahari ya Neema. Nikaendesha gari kutwa nzima.

"Karibu, Patron!" akasema Deo, akinivutia kiti mbele ya wakwe.

Nikafungua karatasi ile ya faili. Nikasoma polepole, kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Sikukosea hata neno! Deo akakaa kama gunia. Wakwe wakainuka, wakabeba mahari yao, wakaondoka.

Neema akanifuata hadi kwenye gari. "Papa, mimi nilikukosea nini?"

Nikawasha gari, nikaondoka…

Je, najuta? Kwa Deo, hata kidogo! Kesho ningemsomea tena. Lakini Neema hapokei simu zangu mpaka leo.

Ndugu yangu, kama hujui kusoma, sema! Aibu ya kumwomba mtoto akusomee ingeishia pale pale mezani. Mimi niliiogopa, na sasa najua kusoma… depo sina, na mtoto niliyemshika siku ya ubatizo wake sina.