Ujumbe Usiofika

Kila alasiri akitoka shule, Syntiche alikula mara mbili. Alianza kwa mama yake, Constance, kisha akavuka ua na kuingia kwa Mama Lydie, mdogo wa mama yake. Dada hao waliishi katika lupango moja, yaani kiwanja kimoja, katika mtaa wa Katuba, lakini mwaka mzima hawakusemeshana. Kila mmoja alidai mwenzake hamtunzi mama yao, bibi mgonjwa wa Syntiche. Walichotaka kuambiana kilipitia kwa mtoto, na mtoto alishukuriwa kwa bukari, yaani ugali, na kipande kinono cha samaki. Alinogewa, kwa nini tufiche?

Wiki ya Pasaka, Mama Lydie alimshika mkono.

"Ambia mama yako niko naomba musamaha. Dimanche tuingie pamoja kwa mama, atuone mbele ya kufa."

"Ndiyo, mama."

Syntiche akavuka ua huku akiwaza. Wakipatana, nani atamhitaji tena? Akanyamaza. Jumapili ikapita, na Mama Lydie akaamini kwamba amekataliwa. Mwezi wa tano bibi akafariki, na kwenye matanga wanawe walikaa mikeka miwili, wamepeana mgongo.

Syntiche aliporudi darasani, Mwalimu Anaclet wa Kiingereza aliandika ubaoni: unreconciled.

"Husemwa juu ya watu ambao ugomvi wao haujamalizwa," alieleza. "Sisemi hawawezi kupatana. Hawajapatana bado, basi. Syntiche, tupe mfano."

Mfano alikuwa nao. Alisimama, akaona aibu, akaketi tena.

Siku hiyo hakula popote. Aliwaita mama yake na Mama Lydie uani, akawaambia ukweli wote. Constance akakaa chini kwenye vumbi.

"Nilifikiri ulikataa," Mama Lydie akasema polepole.

"Sikusikia kitu, mudogo wangu. Hata neno moja."

Wakashikana, wakalia kwa uchungu. Hakuna aliyempiga Syntiche, naye angependelea kupigwa. Mwishowe mama yake alimwita karibu.

"Mutoto wangu, bakikutuma neno la amani, ulifikishe siku ile ile. Haiko neno yako ya kuficha. Sisi tumepatana. Lakini mama alikufa akijua batoto yake banachukiana. Kwa ile, muntu wa kumuomba musamaha hayuko tena."