Siku Kumi na Moja Baada ya Tinakula

Injini ilikohoa, ikavuta tena kidogo, kisha ikazima. Boti ya faiba ikapoteza mwendo, wimbi likaikamata ubavuni na kuigeuza. Nyuma yao Visiwa vya Reef vilikuwa vimeshazama, minazi na yote. Mbele, milima ya Lata ilikuwa doa la buluu tu. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa saba, na upepo wa kusini-mashariki ulikuwa ukivuma bila kupumua.

"Nyie watu wa Solomon," alisema Sista Makereta, "injini zenu zinapenda usingizi kuliko nyinyi wenyewe."

"Inasali tu, Sista," alijibu Ellison, nahodha wao, akifungua kifuniko cha injini. "Ikisema amina tunaondoka."

Makereta Ravouvou alikuwa muuguzi kutoka Fiji, mwanamke mnene wa miaka hamsini na miwili mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Ndiye aliyekuwa mkuu wa kikundi cha watu wanne ambao kanisa liliwaleta kujitolea kwa miezi mitatu katika zahanati ya kijiji cha akina Ellison. Wawili walikuwa wamebaki kijijini wakipaka rangi kuta. Wa nne, aliyekaa mbele ya boti akishikilia kofia yake, alikuwa Merv Dunstan, fundi bomba mstaafu wa Kingaroy, Queensland, mwenye miaka sitini na sita. Kanisani hakuwa mtu wa kwenda sana. Mkewe ndiye aliyeandikisha majina yao wote wawili, kisha akafa mwezi wa kwanza, na Merv akaona aibu kulifuta jina moja na kuliacha lingine.

Walikuwa wakienda mjini Lata kuchukua dawa na chanjo. Kasha la chanjo lilikuwa tupu.

Ellison alimimina petroli ya kwenye kabureta katika chupa iliyokatwa, akaiinua juani. Petroli ilikaa juu. Chini yake maji yalitulia, meupe, kama jicho la samaki.

"Mzee," alisema bila kugeuka, "asubuhi ulichuja?"

Kila siku petroli ilitoka kwenye pipa nyuma ya zahanati, na kila siku Ellison aliipitisha kwenye kitambaa kinene kilichoning'inia msumarini, kwa sababu pipa lile lilikaa mvuani. Siku hiyo alichelewa akimuaga mkewe, Hilda, mwenye mimba ya miezi sita, na Merv akamwambia, wewe agana na mama, mimi nitajaza. Alijaza. Kitambaa alikiona, akaona kitamchelewesha.

"Nilichuja," alisema Merv. Neno lilitoka kabla hajalitazama.

"Basi aliyetuuzia lile pipa alituuzia bahari," Ellison akasema, akaanza kufungua plagi.

Waliwasha mara nane. Mara tatu iliwaka, ikaenda umbali wa kumfikia mtu kwa sauti, ikafa. Hadi saa saba kamba ya kuwashia ilikuwa imemchuna Ellison viganja na betri ya simu ya Sista ilikuwa imekwisha ikitafuta mtandao usiokuwepo. Upepo ulikuwa umewasukuma kaskazini-magharibi, na sasa Tinakula ilisimama mbele yao, mlima wa moto uliochomoza baharini ukitoa moshi mdogo kileleni. Hakuna mtu anayeishi pale. Lakini ilikuwa nchi kavu.

"Tukiikosa hiyo," alisema Ellison, "hakuna kitu tena mpaka mbali."

"Mbali wapi?" aliuliza Merv.

"Mbali, mzee. Shika kafi."

Kafi lilikuwa moja. Makereta alipiga maji kwa ubao wa kukalia. Walipiga hadi mikono ikatetemeka, na kila walipoinua macho mlima ulikuwa umehamia kushoto zaidi. Ellison alivua shati, akauma kamba ya boti kwa meno, akaruka majini na kuivuta akiogelea. Kwa muda waliona mawe meusi ya ufukwe na povu likipanda juu yake, karibu kiasi cha kusikia mngurumo. Kisha mkondo ukawabeba, taratibu, bila chuki, wakapita.

Ellison alikuwa akipanda nyuma ya boti, hana nguvu, wimbi lilipoinua sehemu hiyo na kuiangusha. Panga la injini, lile la kusukuma maji, likamshukia muundi wa kulia. Alipovutwa ndani damu ilikuwa nyingi, na mfupa ulionekana.

Makereta alifungua mkoba wake. Ulikuwa na Biblia, miwani, vidonge vinne vya maumivu, na sabuni. Aliosha kidonda kwa maji ya bahari, akachana sulu, shuka yake ya kiunoni, akafunga kwa nguvu.

"Kinaniuma kama kodi," alisema Ellison.

"Nyamaza. Usikunje mguu."

Tinakula ilizama nyuma yao kabla ya jua.

Walikuwa na lita tano za maji, madafu sita, pakiti mbili za biskuti, mshipi mmoja wenye ndoana, na turubai la rangi ya chungwa. Asubuhi ya pili Makereta aligawa maji kwa kifuniko cha chupa ya chai: vifuniko vitatu kwa mtu, asubuhi na jioni. Aliomba kwa sauti kabla ya kila kifuniko. Siku ya tatu kilipita kiwingu kimoja, wakatandaza turubai wakapata lita tatu zenye ladha ya plastiki, Makereta akaimba ubeti mzima wa wimbo wa kwao, na Ellison akasema Fiji wameleta mvua basi wasamehewe yale ya raga.

Siku ya nne ilipita meli.

Ilikuwa meli nyeupe ya samaki. Walisimama wote, hata Ellison kwa mguu mmoja, wakatikisa turubai. Merv alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Waliona hata nguo zilizoanikwa nyuma ya meli, kaptula na mashati. Meli haikubadili mwendo. Ilipotoweka waliketi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema neno la kuchekesha. Jioni ile Makereta aligawa maji bila kuomba. Merv aligundua, akasubiri, lakini Sista alikuwa ameshafunga chupa.

Mguu ulianza kunuka siku ya tano. Ulivimba ukang'aa, na mstari mwekundu ukapanda hadi gotini, kesho yake hadi pajani. Makereta alikuwa akiunusa na kuufunga tena. Usoni alikuwa amechubuka, midomo imepasuka.

"Ningekuwa na dawa ya senti chache tu," alisema. "Ile ile tuliyokuwa tunaifuata."

"Kata," alisema Ellison.

"Nikate na nini, kisu cha samaki? Utakufa mikononi mwangu leo hii."

"Na nisipokatwa?"

Makereta aliufunga tena mguu. Kisha akageukia upande wa bahari.

Mshipi haukunasa kitu; walikula samaki-panzi wawili walioruka wakaangukia ndani. Walitafuna macho ya samaki hao kwa ajili ya maji yaliyomo. Ndege mmoja wa kahawia alitua kwenye injini. Merv akamrushia kafi, akamkosa, kafi likaanguka majini likaelea pale pale, mita tatu, tano, kumi, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulifuata. Merv alilitazama likienda. Alilia bila machozi. Makereta hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi.

Siku ya saba Ellison alikuwa na homa kali. Aliongea na Hilda, akamwambia aanue nguo kambani, zinaloana na mvua. Mchana akili ikamrudia, akawatambua.

"Sista," alisema. "Niombee."

Makereta alifungua mdomo. Alikuwa ameomba kwenye vitanda vya watu mia, kwa Kifiji na Kiingereza na Pijini. "Sina," alisema mwishowe. "Ellison, mwanangu, natafuta na sina kitu. Sipati hata neno la kuanzia."

"Mzee, basi."

"Mimi sijui," alisema Merv.

"Sema chochote."

Merv alijua sala moja tu, ile aliyoisikia kila jioni kwa miaka arobaini mezani kwake. Akainamisha kichwa. "Kwa haya tunayokwenda kupokea," alisema, "tupe mioyo ya shukrani."

Kifua cha Ellison kilitikisika. Alikuwa anacheka. "Hiyo si ya chakula, mzee?"

"Ndiyo ninayoijua."

"Endelea."

"Imeishia hapo."

Maji yalikuwa yakigonga faiba. Merv alisikia kitu ndani yake kikivunjika, akasema haraka kabla hakijajiunga tena: "Sikuchuja. Ile asubuhi. Kitambaa sikukigusa. Nilikudanganya."

Makereta aliinua kichwa polepole.

"Najua," alisema Ellison. "Nilikishika nilipopita. Kilikuwa kikavu."

"Ulijua, na ukaniachia?"

"Ningekutupa majini, nani angepiga kafi?" Alifumba macho. "Ila nilitaka kuuliza pale pale, nikasema tutafika. Na mimi nilikuwa na haraka."

Alitaka maji. Makereta alimpa kifuniko kimoja, na Merv akasema ampe cha kwake. Akakinywa. Akataka tena. Chupani kilibaki kidole kimoja cha maji kwa watu watatu, na Makereta akakaa ameishika kwa mikono miwili, hampi, hafungi. Mwishowe aliloanisha kidole chake akampaka midomoni. Ellison alikinyonya kile kidole kama mtoto.

Alikufa siku ya nane jua lilipochomoza.

Makereta alitaka kumzungushia turubai. "Hatutamtupa kama samaki," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha Merv tangu jana yake.

"Turubai ni la mvua," alisema Merv.

"Mvua gani?"

"Ikinyesha."

Alimtazama kwa chuki tupu, na Merv akaielewa, akaipokea. Walimvalisha shati lake jeupe lililokuwa kwenye mfuko wake wa nguo kwa ajili ya Jumapili ya Lata. Wakamfunga nanga ya boti kiunoni, kwa sababu papa wawili walikuwa wakiizunguka boti tangu kunuka kwa mguu. Kumpandisha juu ya ukingo kulichukua muda mrefu sana. Alikwenda chini wima, mkono mmoja umeinuka, na shati lilionekana jeupe, kisha la kijani, kisha halikuonekana.

Kesho yake mvua ikanyesha.

Ilikuja kama ukuta, ikapiga saa mbili nzima. Turubai lilijaa, wakajaza chupa, wakajaza kasha la chanjo, wakanywa mpaka wakatapika, wakanywa tena. Makereta alikuwa ameketi kwenye maji ya mvua hadi kiunoni, mdomo wazi, akipiga kelele zisizo na maneno. Merv hakujua kama ni sala au ni matusi. Hata Makereta mwenyewe, baadaye, alisema hajui.

Siku ya kumi na moja waliona mawingu yaliyosimama mahali pamoja, na ndege wengi. Kisha wakasikia mawimbi yakipiga mwamba. Wanaume wawili wa kisiwa cha Sikaiana waliokuwa wakivua kwa ngalawa waliikuta boti ikielekea kwenye mawimbi yaliyokuwa yakivunjika mwambani, mwanamke mmoja na mzungu mmoja wamelala ndani, wakaifunga kamba na kuivuta hadi kwenye maji matulivu nyuma ya mwamba.

"Mlikuwa wangapi?" aliuliza mmoja, akitazama jozi tatu tofauti za kandambili sakafuni.

"Watatu," alisema Makereta.

Mvuvi yule akavua kofia.

Kwa redio habari zilifika Visiwa vya Reef siku hiyo hiyo: Ellison amefariki. Zaidi ya hapo redio haikusema. Wiki tatu baadaye, huko Honiara, mji mkuu, ofisi ya kanisa ilimpa Merv tiketi ya Brisbane, na watu wema wakamwambia amepitia mengi, aende nyumbani akapumzike. Makereta alikuwa ukumbini, ameshajiandikisha kwenye meli ya kurudi visiwani.

"Ukipanda hiyo ndege," alimwambia, "mimi sitakulaani. Ila usiniandikie barua."

Merv alipanda meli.

Walimkuta Hilda ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba, tumbo limekuwa kubwa, na kando yake mzee Selwyn, baba yake Ellison. Watu walikuwa wamekuja, wamesimama. Makereta aliketi chini, akamshika Hilda miguu, wakalia pamoja. Merv alisubiri. Kisha akapiga magoti mchangani, akasema aliyoyabeba: pipa, kitambaa, uongo. Alisema kwa sauti ndogo, akiangalia mchanga, na Makereta akatafsiri kila neno kwa Pijini bila kulipunguza.

Hilda aliinua uso. Akamtazama Merv.

"Sema tena," alisema. "Baba mkwe wangu hasikii vizuri."

Merv akasema tena.

"Hajasikia. Kwa nguvu."

Ikabidi apige kelele, kwa Pijini yake mbovu. "Sikuchuja petroli! Nikamdanganya!" Sauti yake ilivuka uwanja, ikafika hadi kwa wenzake wawili waliokuwa mlangoni pa zahanati. Kijiji kizima kikasikia. Kuku walikimbia.

Mzee Selwyn alitikisa kichwa polepole, kama anayepokea habari za mbali. Hakutukana. Aliweka mkono nyuma ya sikio, akamwinamia Merv karibu kabisa.

"Alikuwa na kiu?" aliuliza.

Merv alimtazama Makereta. Makereta hakumsaidia.

"Ndiyo," alisema Merv. "Alikuwa na kiu sana."

"Na mvua? Ilinyesha lini?"

"Kesho yake."

Mzee alishusha mkono. Hilda alijivuta taratibu kwenye mkeka, akiacha nafasi pembeni yake, akaipiga kwa kiganja mara moja bila kumtazama mtu.

"Kaa," alisema. "Uanze siku ya kwanza. Usiruke hata moja."

Merv akakaa, akaanza.